Presha ya Jangwani Haifai Kibera

Mvua za masika zikianza Nairobi, madereva wa 4x4 hupeana ushauri mmoja: ukifika penye tope, toa upepo kidogo. Ushauri huo ni wa kweli mahali pengi. Ila ulizaliwa jangwani, na ukiuleta vilevile hadi Gatwekera kule Kibera au Gatina kule Kawangware unaweza kuchana tairi kabla hata gari halijakwama. Tena hasara yake kubwa haitokei topeni. Hutokea baadaye, gari limesharudi kwenye lami ya Southern Bypass na linakimbia kilomita 100 kwa saa na upepo ule ule wa topeni.

Nairobi magharibi barabara hubadilika haraka kuliko dereva. Kawangware iko kaskazini ya Ngong Road, Kibera iko kusini yake. Ukitoka Dagoretti Corner kwa Naivasha Road hadi stendi ya 46, Kawangware, uko kwenye lami. Ukikata kona kuingia ndani upande wa Congo au Gatina, baada ya nyumba chache lami inaweza kuwa imekwisha na udongo mwekundu umeanza. Kwa upande wa Kibera, barabara iliyopasuliwa katikati ya mtaa mwaka 2018, ile iliyowaondolea maelfu ya watu makazi yao ili kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, ni pana na imenyooka. Kando yake kuna vijia vya mteremko vyenye mawe, mitaro ya maji machafu na vipande vya mabati. Kusini, magari ya Southern Bypass yanapita kwa kasi ya barabara kuu. Ambulensi, gari la polisi, lori la kunyonya maji taka, pikapu ya makaa na bodaboda hupita ardhi hizi zote katika safari moja fupi, kwa magurudumu yale yale na upepo ule ule.

Tuangalie kwanza kazi ya upepo wenyewe. Gari halibebwi na mpira. Hubebwa na upepo uliobanwa ndani ya mpira. Chukua Prado yenye watu na mizigo, jumla kilo 2,400, kila gurudumu likibeba kilo 600. Presha ikiwa psi 32, sehemu ya tairi inayokanyaga chini ni takriban sentimita za mraba 270. Ukishusha hadi psi 18, sehemu hiyo inakaribia 475. Hesabu hii ni ya makadirio, maana ubavu wa tairi nao hubeba kiasi, lakini inaonyesha kinachotokea: wayo wa tairi unakua karibu maradufu. Na haukui sana kwa upana, bali kwa urefu. Ndiyo maana gari lililokuwa likizama mchangani huanza kuelea.

Jambo hili lilijulikana mapema. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza, alivuka jangwa la Misri na Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930, akajifunza kushusha presha na kubeba bati za kutandika chini ya magurudumu. Ujuzi huo aliupeleka katika kikosi cha Long Range Desert Group alichokiunda mwaka 1940. Leo wasomaji wenye jamaa zao Sharqiya, Oman, wameziona karakana za Bidiya, ukingoni mwa mchanga wa Wahiba: gari likiingia mchangani linatolewa upepo hadi psi 15 au 18, likitoka linajazwa tena. Kazi hizo mbili huenda pamoja.

Sasa linganisha ardhi. Mchanga wa Wahiba ni laini na hauna ncha. Vijia vya Kibera na Kawangware ni njia za watu wanaofanya kazi: vimejaa misumari ya fundi seremala, vikato vya mabati, vipande vya nondo na chupa. Tairi lina sehemu mbili zisizolingana kwa uimara. Chini ya kashata, ile sehemu inayokanyaga barabara, kuna mikanda ya chuma. Ubavuni, katika magari mengi madogo na hata 4x4 nyingi, kuna nyuzi tu na mpira mwembamba. Ukishusha presha, ubavu unachomoza nje na kushuka karibu na ardhi, pale pale kwenye mabati. Msumari ulioingia kwenye kashata huzibwa kwa dakika chache. Ubavu uliochanwa hauzibiki kwa usalama, hata fundi akikuapia.

Tope lenyewe nalo halifanani. Udongo mwekundu wa Kawangware mara nyingi ni utelezi mwembamba uliofunika murram au mawe yaliyoshindiliwa. Hapo tairi linapaswa kukata lile tope hadi liguse ngumu iliyo chini. Likiwa limelegezwa na kupanuka, linaelea juu ya utelezi na gari linaenda linakotaka lenyewe, mara nyingi mtaroni au kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Tope refu lisilo na kitako ni jambo jingine. Kwenye udongo mweusi wa tambarare za Kitengela, kwa mfano, kupunguza upepo kunasaidia kweli. Kwa hiyo swali la kwanza ni tope hili lina kina gani, na chini yake kuna nini. Teremka na fimbo, uchome. Sentimita kumi halafu ngumu? Usiguse valvu.

Msimamo wangu ni huu. Kwa gari dogo na 4x4 ya kawaida ndani ya mitaa hii, ubaki na presha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukilazimika kabisa, punguza psi tano au sita, usizidishe, uende kwa mwendo wa mtu anayetembea, na urudishe upepo kabla ya kugusa lami ya kasi. Kitakachokutoa topeni Kawangware ni gia nzito, mguu mwepesi kwenye mafuta na kutosimama katikati. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha. Kila mzunguko unachimba shimo lako na kuwarushia tope wenye vibanda.

Najua wapo wanaotazama magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, wakaona matairi yaliyobonyea na kudhani huo ndio ustadi wa barabara mbaya. Magari yale hupita porini taratibu, na timu zina watu wanaokimbia mbele kwa miguu kutafuta njia. Hayana abiria wa kuwahisha Hospitali ya Kenyatta.

Hata hivyo, wanaoshusha presha kwa makusudi ni wachache. Wengi hutembelea tairi laini bila kujua, na hili ndilo gonjwa letu hasa. Tairi zima, lisilo na pancha, hupoteza kama psi moja au mbili kwa mwezi. Ongeza rimu iliyopinda kwa mashimo, valvu isiyo na kifuniko, pancha iliyozibwa haraka usiku. Baada ya miezi mitatu tairi la psi 32 linaweza kuwa 24, na kwa macho hutaona kitu, kwa sababu tairi la siku hizi hubonyea kidogo hata likiwa sawa. Kulipiga teke hakukuambii chochote. Nimeona mara nyingi dereva akizunguka gari, mateke manne, kisha anaondoka ameridhika.

Anayeujua ukweli wa upepo kuliko dereva yeyote ni msukuma mkokoteni. Mtazame yule wa maji Kawangware asubuhi, mitungi 20 ya lita 20, yaani kilo 400 za maji juu ya ekseli moja na matairi mawili ya gari. Kabla ya kupakia huinama, anabonyeza tairi kwa kidole gumba pande mbili, halafu anasukuma mkokoteni mtupu hatua mbili tatu akisikiliza. Tairi likiwa laini, haendi kwa mteja; anakwenda kwanza kwa fundi, kwa sababu atalipa tofauti hiyo kwa mabega yake hadi juu ya mlima. Tairi laini hujikunja kila linapozunguka, na kila mkunjo unakula nguvu. Kwenye gari mkunjo ni ule ule, ila nguvu inatolewa na injini, dereva haisikii. Inageuka joto ndani ya mpira. Mkokoteni huenda kwa mwendo wa mtu, joto linapoa. Tairi la gari linalokimbia kilomita 100 kwa saa hujikunja hivyo mara nyingi kwa sekunde, na joto halina pa kwenda.

Dunia ililipa gharama kubwa kujifunza hilo. Mwaka 2000 nchini Marekani, kampuni ya Firestone iliagiza yarudishwe matairi takriban milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari refu la familia lenye umbo la 4x4. Kashata zilikuwa zikibanduka kutoka kwenye mwili wa tairi gari likiwa kasi, hasa kwenye majimbo ya joto, na gari lenye kitovu cha uzito kilicho juu likabiringika. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilihusisha vifo 271 na matairi hayo. Ford ilikuwa ikiwashauri wateja psi 26. Firestone baadaye ikasema iwe 30. Kampuni zote mbili zilitupiana lawama, na kasoro ya tairi lenyewe ilithibitishwa. Lakini presha ndogo, mzigo mkubwa, joto na kasi vilikutana mahali pamoja, na hivyo vinne hukutana Kenya kila Ijumaa jioni gari la jamaa likipakiwa kwenda mashambani.

Kutokana na mkasa huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2000, na tangu Septemba 2007 magari yote mapya madogo nchini humo yana kihisio kinachowasha taa presha ikishuka kwa robo. Japani haikuweka sharti hilo. Na mengi ya magari yetu ya mitumba hutoka Japani, kwa hiyo usiisubiri taa ya dashibodi. Huenda haipo kabisa. Ikiwepo pia, robo ya 32 ni 8: taa inawaka ukiwa tayari umeshuka hadi 24.

Mvua ina hesabu yake. Utafiti wa NASA wa miaka ya 1960 kuhusu magurudumu ya ndege uliacha kanuni ambayo wahandisi wa magari bado huitumia kama kadirio: kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea kipeuo cha pili cha presha. Kwa psi 32 ni karibu kilomita 94 kwa saa. Kwa psi 20 ni karibu 75. Kwa psi 16, 67. Tairi kipara huelea hata mapema zaidi, kwa kuwa maji hayana mfereji wa kutokea. Kwa hiyo dereva aliyeshusha upepo Lindi ya Kibera, akasahau, akashika bypass mvua ikinyesha, amejipunguzia karibu kilomita 20 au zaidi za usalama bila kugusa kitu kingine. Usukani ukiwa mwepesi ghafla mikononi, gari halikanyagi tena ardhi. Toa mguu kwenye mafuta polepole, usikanyage breki, usikate usukani.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifundisha sehemu nyingine ya somo. Mto Ngong ulifurika, na watu wa kandokando walipoteza maisha na nyumba. Maji yanayokwenda yenye kina cha sentimita 30 huweza kubeba gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, 4x4 zikiwemo. Tairi pana lenye upepo hapa ni hasara zaidi, kwa kuwa linaelea. Kinga pekee ni kutovuka.

Kinyume cha tairi laini nacho kipo, hasa kwa matatu na magari ya mizigo: kujaza kupita kiasi kwa imani kwamba mafuta yatadumu. Ni kweli gari linabingirika kwa wepesi zaidi. Lakini tairi linakanyaga kwa katikati tu, linaisha mapema, linaruka kwenye matuta badala ya kushika, na likigonga shimo pigo lote linaenda kwenye nyuzi. Wengine huisoma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, 44 au 51, wakidhani ndiyo ya kujaza. Hiyo ni kikomo cha juu cha tairi. Namba ya gari iko mlangoni, na mara nyingi ni mbili: ya gari tupu na ya gari lililopakiwa. Bodaboda nayo ina yake, na tairi la nyuma huhitaji zaidi ukiwa na abiria, sembuse wawili.

Pima tairi likiwa baridi, alfajiri kabla ya kutoka, au baada ya gari kusimama kwa muda wa saa tatu. Tairi lililotoka safarini husoma psi nne au zaidi juu ya kawaida; ukilitoa upepo hapo, kesho asubuhi litakuwa chini. Kadiri hewa inavyopoa au kupata joto nyuzi tano na nusu, presha hubadilika kwa psi moja hivi. Anayekwenda Mombasa ajue pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya nje kule chini ni nzito zaidi, na hilo peke yake hushusha usomaji wa geji kwa kama psi mbili na nusu, ingawa joto la pwani hurudisha sehemu. Pima tena ukifika.

Tairi likiwa la mitumba, upepo sahihi hautaliokoa kama mpira umezeeka. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha angalia uwezo wa mzigo. Kwenye 265/65R17 112S, hiyo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni kikomo cha kilomita 180 kwa saa. Kunja ubavu kwa mikono uone kama kuna nyufa ndogondogo, na likatae lililochongwa kashata upya kwa kisu cha moto, kwa kuwa kilichobaki chini ya kashata hizo ni kidogo. Nairobi iliwahi kutengeneza matairi yake yenyewe: kiwanda cha Firestone, baadaye Sameer Africa, kilichotoa Yana, kilifunga uzalishaji mwaka 2016. Tangu hapo tunategemea meli, na mnunuzi wa kawaida wa Kawangware anategemea macho yake.

Macho hayo yana msaidizi, naye ni fundi wa pancha. Kompresa yake inanguruma kando ya Naivasha Road tangu asubuhi, karai la maji liko miguuni, na gundi iko kwenye mkebe. Analizamisha tairi, anafuata mapovu kwa kidole, anachora alama kwa chaki. "Bosi, hii ya nyuma iko chini sana, na si pancha, ni valvu," anasema, na mara nyingi huwa amesema kweli. Ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye kituo cha Likoni Road huliona gari la abiria mara moja kwa mwaka. Fundi huliona kila wiki, mengine kila siku. Upepo haukaguliki mara moja kwa mwaka. Unakaguliwa kwa mikono ya fundi huyu. Lakini nimeona geji zilizoanguka chini mara nyingi, kioo kimepasuka, mshale haurudi sufuri, na ndizo zinazoamua presha ya matatu yenye watu 14. Nyingine zinatofautiana kwa psi tano kwenye tairi lile lile. Ukiwa na gari, nunua geji yako. Na usione haya kuomba upimiwe mara mbili.

Presha ikiwa sawa, bado njia ya ndani ya mtaa ni ua wa mtu. Watoto hutoka mlangoni moja kwa moja hadi barabarani, na boneti ya 4x4 huficha mtoto aliyesimama karibu na bampa. Nenda kwa gia ya kwanza, kioo kimeshushwa, redio imezimwa, ili usikie anayekuita. Ukirudi nyuma, awepo mtu wa kuongoza aliye chini kwa miguu, na asimame unapomwona kwenye kioo cha pembeni. Kwenye mteremko mkali wa utelezi acha injini ikushikilie; breki ikikamata, gari linageuka ubao wa kuteleza. Ambulensi yenyewe isione kuwa king'ora kimeipa ruhusa ya kupita kasi, maana baadhi ya wanaoihitaji wamesimama kando ya njia hiyo.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi na NTSA wanaweza kufanya jambo dogo na la haraka hapa. Mafundi wa pancha walio kwenye midomo ya mitaa, pale 46 na kwenye njia inayotoka Kibera kuelekea Lang'ata, wapewe geji zilizohakikiwa na mafunzo ya siku moja kuhusu namba za mlangoni, tarakimu za umri na pancha zisizozibika. Kando ya kompresa pawekwe kibao kinachoonekana kutoka kwenye usukani, kinachomkumbusha dereva anayetoka topeni arudishe upepo kabla ya kupanda bypass.